GHz Pekee Haitoshi: Jinsi ya Kuchagua Prosesa ya Kompyuta ya Mezani

Maelezo yafuatayo yalitolewa kwa wakazi katika kikao cha uhamasisho kuhusu ununuzi wa kompyuta. Yanachapishwa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria.



Kompyuta ya mezani si kitu kigeni tena mashinani. Kwenye saiba ya sokoni, mkazi hujaza fomu za eCitizen na kuwasilisha ripoti ya ushuru kwenye iTax. Kijana aliyemaliza kidato cha nne huchagua kozi kupitia KUCCPS na kuomba mkopo wa HELB. Katibu wa chama huandika hesabu za wanachama, mwalimu huandaa mtihani, na mpiga picha hukesha akihariri video ya harusi ili aikabidhi Jumatatu asubuhi. Mtu anapotoa akiba yake au kuchukua mkopo wa Sacco kununua kompyuta, hanunui pambo la sebuleni. Ananunua jembe la kazi. Likiwa butu, hasara ni yake, na mkopo bado utadaiwa.

Dukani, swali la kwanza kwa kawaida huwa moja: "Hii ina GHz ngapi?" Muuzaji hujibu, "Tatu nukta mbili." Ile iliyo kando yake? "Mbili nukta moja." Mnunuzi huchukua ya kwanza na kwenda zake akiamini amepata yenye nguvu, kwa sababu tatu ni kubwa kuliko mbili. Mazungumzo ya leo yanaeleza kwa nini hesabu hiyo inaweza kumtia hasarani, na ni mambo gani hasa ayaangalie kabla ya kutuma pesa kwa M-Pesa.

Mashine mbili dukani

Chukulia kwamba kompyuta hizo mbili ni za mitumba, zile zinazouzwa kwa wingi kwa jina la "ex-UK". Ya kwanza ni boksi kubwa lenye prosesa ya Intel Core i5-4570, ambayo kasi yake ya kawaida ni GHz 3.2. Ya pili ni ndogo, inakaribia ukubwa wa kitabu kinene, na ndani yake mna Core i5-8500T ya GHz 2.1. Zote mbili ni "Core i5". Kwa macho ya haraka, ya kwanza inashinda.

Sasa tazama yaliyofichika. Prosesa ya kwanza ilitoka mwaka wa 2013 na ina viini 4. Ya pili ilitoka mwaka wa 2018 na ina viini 6. Ile GHz 2.1 ni kasi ya kawaida tu. Kazi ikizidi, prosesa hiyo hupanda yenyewe hadi GHz 3.5. Kwa kazi inayotumia kiini kimoja, mashine hizi mbili zinakaribiana. Kwa kazi inayoweza kugawanywa kwa viini vyote, ile ndogo inaiacha kubwa nyuma. Isitoshe, prosesa ya kwanza imepangiwa wati 84, na ya pili wati 35.

Kuna jambo zito zaidi. Mnamo tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilifikisha mwisho huduma ya kawaida ya masasisho ya usalama kwa Windows 10. Windows 11, iliyochukua nafasi yake, haiikubali rasmi prosesa ya kwanza, lakini inaikubali ya pili. Kwa hiyo mnunuzi aliyefuata GHz amebeba nyumbani mashine ambayo mlango wake wa usalama umeanza kufungwa, na pengine ataitumia kuingiza nywila za benki na namba za vitambulisho vya wateja wake.

GHz inapima nini?

GHz, yaani gigahezi, ni hesabu ya mapigo. Ndani ya kompyuta kuna saa inayopiga bila kuchoka, na prosesa hufanya kazi kwa kufuata mapigo hayo. Gigahezi moja ni mapigo bilioni moja kwa kila sekunde. Prosesa ya GHz 3 hupiga mara bilioni tatu kwa sekunde.

Mkulima yeyote anajua kwamba idadi ya mapigo ya jembe haitoshi kueleza ni sehemu gani ya shamba iliyolimwa. Mtu mwenye kijembe kidogo anaweza kupiga mara sitini kwa dakika akakwaruza juu juu. Jirani yake mwenye jembe pana hupiga mara arobaini, na kila pigo linageuza bonge la udongo. Jioni ikifika, jirani ndiye aliyelima zaidi.

Prosesa ni vivyo hivyo. Kuna zinazofanya kazi kubwa katika kila pigo, na kuna zinazofanya kidogo. Kwa miaka mingi wahandisi wamekuwa wakiongeza kazi inayofanyika kwa kila pigo, ndiyo maana prosesa ya mwaka wa 2022 yenye GHz sawa na ya mwaka wa 2011 haiwezi kuwa sawa nayo kwa kazi.

Mfano ulio wazi ni Core i7-2600 ya mwaka wa 2011 na Core i3-12100 ya mwaka wa 2022. Ya kwanza ina GHz 3.4, ya pili GHz 3.3. Zote zina viini 4. Kwa jina, i7 inaonekana kama bosi na i3 kama kibarua. Lakini kwa kazi ya kiini kimoja, hiyo i3 hufanya karibu mara mbili ya kazi ya ile i7 ya zamani. Mwenye kulipa zaidi kwa sababu ya stika ya "i7" bila kuuliza mwaka, amelipia jina.

Historia ilikwisha kufundisha

Hata makampuni makubwa yalipitia njia hii. Mwezi Machi mwaka wa 2000, AMD na Intel zilikimbizana kufikisha GHz 1, na AMD ikatangulia kwa siku chache tu. Novemba mwaka huohuo Intel ikatoa Pentium 4, iliyoundwa makusudi ili ipande GHz kwa haraka. Kila kazi ilikatwa vipande vidogo vidogo ili saa iweze kupiga kasi zaidi, na kwa hiyo kila pigo likawa linafanya kidogo. Pentium 4 za kwanza, za GHz 1.4 na 1.5, zilishindwa katika baadhi ya kazi na Pentium III ya GHz 1 iliyozitangulia.

AMD iliona kwamba wanunuzi wanatazama namba moja tu, ikaanza kuziita prosesa zake kwa namba ya kulinganisha. Athlon XP 2000+, kwa mfano, haikuwa na GHz 2. Ilikuwa na GHz 1.67, ila ilishindana na Pentium 4 zenye GHz nyingi zaidi.

Mbio hizo zilifika ukutani. Pentium 4 ilifika GHz 3.8, ikawa inatoa joto jingi, na mwaka wa 2004 Intel ikafuta mpango wake wa kutoa ya GHz 4. Mwaka wa 2006 kampuni hiyo ikageuza mwelekeo na kutoa Core 2 Duo. Core 2 Duo E6600 ilikuwa na GHz 2.4 na wati 65, ikaishinda Pentium Extreme Edition 965 iliyokuwa na GHz 3.73 na wati 130. GHz zilipungua, umeme ukapungua nusu, kazi ikaongezeka.

AMD nayo ilianguka katika shimo hilohilo baadaye. Mwaka wa 2013 ilitoa FX-9590 iliyofika GHz 5, namba ya kutisha kabisa. Ilihitaji wati 220. Katika kazi nyingi ilishindwa na Core i7-4770K ya mwaka huohuo, iliyokuwa na GHz 3.5 na wati 84. Waundaji wenyewe waliacha kuifukuzia namba hiyo peke yake. Mnunuzi wa mashinani hana sababu ya kuendelea kuifukuzia.

Maswali sita ya kuuliza

La kwanza: Ni prosesa gani hasa, na ya kizazi gani? Jibu la "Core i5" halitoshi, kwa kuwa kuna Core i5 za tangu mwaka wa 2009. Mnunuzi adai namba kamili. Kwa prosesa nyingi za Intel Core zilizo sokoni, kizazi husomwa mwanzoni mwa namba inayofuata kistari. Namba ikiwa na tarakimu nne, kama i5-6500, tarakimu ya kwanza ndiyo kizazi: hicho ni cha sita. Ikiwa na tarakimu tano, kama i3-12100, soma mbili za kwanza: ni kizazi cha kumi na mbili. Kwa anayetaka Windows 11, mpaka wa kukumbuka ni kizazi cha 8, kwa kuwa chini ya hapo ni chache mno zinazokubaliwa. Upande wa AMD, prosesa za Ryzen hukubaliwa kuanzia namba za 2000, isipokuwa baadhi kama Ryzen 3 2200G na Ryzen 5 2400G, ambazo zina namba ya 2000 lakini undani wake ni wa kizazi cha kwanza.

Jina la boksi lisimdanganye mtu pia. Dell ilitoa OptiPlex 7010 mwaka wa 2012, ikiwa na prosesa za kizazi cha tatu. Mwaka wa 2023 ikatumia jina lilelile la OptiPlex 7010 kwa mashine mpya za kizazi cha 13. Jina ni moja, lakini kati yake kuna zaidi ya miaka kumi. Prosesa iliyomo ndani ndiyo itakayosema ukweli.

La pili: Ina viini vingapi? Kiini ni kama mfanyakazi mmoja shambani. Wafanyakazi sita watapalilia ekari haraka kuliko wawili. Lakini kuna kazi isiyogawanyika: mtaro mmoja mwembamba hauchimbwi na watu kumi kwa pamoja. Kuhariri video na kufungua programu nyingi kwa wakati mmoja ni kazi zinazofaidi viini vingi. Kuandika barua au kufungua ukurasa mmoja wa intaneti hutegemea zaidi wepesi wa kiini kimoja. Baadhi ya prosesa huwezesha kila kiini kushika kazi mbili kwa wakati mmoja. Hapo huandikwa kwa mfano viini 4 na nyuzi 8. Nyuzi husaidia, lakini uzi wa pili hauna nguvu ya kiini kizima.

La tatu: Ina akiba ya ndani kiasi gani? Mpanzi anayebeba mbegu kwenye mkoba kiunoni hamalizi muda akirudi ghalani kila shimo. Prosesa nayo ina kumbukumbu ndogo ya karibu, inayoitwa kashe, inayohifadhi vitu inavyovihitaji mara kwa mara. Kashe ikiwa finyu, prosesa husimama ikisubiri kuletewa data kutoka kwenye RAM, na mapigo mengi hupotea bure. Core i7-2600 ina kashe ya MB 8, na Core i3-12100 ina MB 12. Hii ni sababu mojawapo ya ile tofauti iliyotajwa.

La nne: Herufi ya mwisho ni ipi? Herufi moja inaweza kubadilisha mambo yote. T ina maana prosesa imepunguziwa matumizi ya umeme, na kasi yake ya kawaida huwa chini. K ina maana mwenye ujuzi anaweza kuiongeza kasi akiwa na bodi na feni zinazofaa. Kwa ofisi au saiba haina umuhimu. F ndiyo ya kuwa macho nayo. Prosesa ya Intel yenye F haina sehemu ya grafiki inayofanya kazi. Bila kadi ya grafiki ya pembeni, skrini haitaonyesha picha yoyote. Mtu anaweza kuona i5-12400F ina bei nafuu kuliko i5-12400, akafurahi, kisha akalazimika kununua kadi ya grafiki inayozidi pesa alizookoa. Kwa Ryzen nyingi za mezani zilizotoka kabla ya mfululizo wa 7000, ni zile zenye herufi G zilizo na grafiki ndani.

La tano: Itatumia umeme kiasi gani, na itapoaje? Wati zinazoandikwa kwenye maelezo ya prosesa ni kiwango cha joto ambacho mfumo wa kupoza unapaswa kuweza kukiondoa. Si bili kamili ya stima, maana kompyuta ikiwa imetulia hutumia kidogo sana, na prosesa mpya zinaweza kuvuka kiwango hicho kwa muda mfupi. Hata hivyo ni dokezo zuri.

Hesabu ya tokeni ni rahisi. Kompyuta inayotumia wastani wa wati 100 kwa saa 10 hutumia uniti moja ya umeme. Ikifanya kazi siku 26 kwa mwezi, ni uniti 26. Inayotumia wastani wa wati 60 kwa muda huohuo hutumia uniti 15.6. Tofauti ni uniti 10.4 kwa mashine moja. Mwenye saiba yenye mashine tano anaokoa uniti 52 kila mwezi. Kompyuta iliyokuwa rahisi dukani yaweza kuwa ghali kwenye tokeni kabla mwaka haujaisha.

Joto nalo lina neno lake. Prosesa ikipata moto kupita kiasi hujipunguzia kasi ili isiungue. Kwa hiyo GHz zilizoandikwa kwenye karatasi hazipatikani kwenye chumba cha mabati kisicho na dirisha, feni ikiwa imejaa vumbi. Wenzetu wa Lodwar, Garissa na Pwani wanalijua hili vizuri. Kabla ya kulipa, mnunuzi aombe boksi lifunguliwe atazame feni, na aiache mashine ikifanya kazi nzito kwa nusu saa aone kama itaanza kuzubaa.

La sita: Kasi iliyotajwa ni ya kawaida au ya juu kabisa? Prosesa nyingi za leo zina kasi mbili. Core i5-8500 ina kasi ya kawaida ya GHz 3.0, na inaweza kufika GHz 4.1 kiini kimoja kikiwa kazini. Tangazo moja laweza kutaja 3.0 na jingine 4.1, na prosesa ikawa ileile. Anayelinganisha alinganishe kawaida kwa kawaida na juu kwa juu, tena kwa prosesa za kizazi kimoja na familia moja. Hapo ndipo GHz huwa na maana ya kweli.

Prosesa haifanyi kazi peke yake

Mara nyingi mkazi hulalamika kwamba kompyuta yake ni nzito, akaambiwa abadilishe prosesa, kumbe kikwazo kiko kwingine. Prosesa nzuri iliyofungwa na diski ya zamani inayozunguka ni kama mlimaji hodari anayeletewa maji kwa kikombe. Kuweka diski ya SSD kwenye kompyuta ya aina hiyo ndiko kunakoleta nafuu inayoonekana mara moja: kuwaka kwake na kufungua programu hubadilika kabisa.

RAM ni vilevile. Kwa kazi za ofisi na intaneti, GB 8 ni mwanzo mzuri. GB 4 hujaa upesi kurasa chache zikifunguliwa. Inapowezekana, vipande viwili vya GB 4 ni bora kuliko kimoja cha GB 8, kwa kuwa bodi nyingi husoma vipande viwili kwa pamoja, na data hupita kwa wingi zaidi. Faida hiyo huonekana hasa kwenye mashine zinazotegemea grafiki ya ndani ya prosesa.

Anayefikiria kununua boksi sasa na kubadilisha prosesa baadaye aulize pia kuhusu bodi. Intel za kizazi cha 6 na cha 7 hukaa kwenye tundu linalofanana kwa umbo na la kizazi cha 8 na cha 9, lakini bodi za zile za awali haziendeshi hizi za baadaye. Kutoshea hakuna maana ya kufanya kazi.

Kazi gani, prosesa gani

Kwa saiba, ofisi ndogo, shule na hesabu za chama, Core i3 ya kizazi cha 8 kwenda juu, kama i3-8100, au Ryzen 3 3200G, inatosha ikiwa na RAM ya GB 8 na SSD. Pesa zinazobaki zitafaa zaidi zikinunua kifaa cha kulinda umeme kuliko GHz za ziada.

Kwa mwanafunzi wa uandishi wa programu na ofisi yenye faili nzito, Core i5 ya kizazi cha 8 au Ryzen 5 ya namba za 3000 kwenda juu itamtumikia kwa miaka kadhaa. RAM ya GB 16 ni bora akiweza.

Kwa anayehariri video, viini 6 na nyuzi 12 ndipo pa kuanzia, pamoja na RAM ya GB 16. Grafiki ya ndani ya Intel ina sehemu maalumu ya kusaidia kuchakata video, kwa hiyo hapa herufi F inaweza kumpokonya mtu kitu alichokihitaji.

Kwa michezo ya kompyuta, kadi ya grafiki ndiyo inayobeba mzigo mkubwa. Prosesa ya wastani yenye kadi nzuri hushinda prosesa ghali isiyo na kadi.

Na mwenye kompyuta ya kizazi cha 4 au cha 6 nyumbani? Asiitupe. Mifumo ya bure kama Linux Mint na Ubuntu bado hufanya kazi kwenye mashine hizo na hupata masasisho ya usalama. Anayetumia zaidi intaneti, eCitizen na uandishi wa kawaida anaweza kuendelea nayo, mradi tu ahakikishe kwanza kwamba printa yake na programu anazozitegemea zinakubali.

Kuhakikisha kabla ya kulipa

Stika iliyobandikwa nje si ushahidi. Stika hubanduliwa na kubandikwa. Kompyuta iwashwe mbele ya mnunuzi. Akibonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha afungue Performance na CPU, ataona jina kamili la prosesa, idadi ya viini na ukubwa wa kashe. Kwa kuwa maandishi ya ndani ya Windows yanaweza kuchezewa, aombe pia kuona jina hilo kwenye BIOS, ukurasa unaofunguliwa mashine inapoanza kuwaka.

Mashine kuonyesha Windows 11 si uthibitisho kwamba imeidhinishwa. Kuna njia za kuilazimisha kwenye prosesa isiyokubaliwa, na Microsoft haijiwajibishi kuzipa mashine za aina hiyo masasisho. Programu ya bure ya Microsoft iitwayo PC Health Check itatoa jibu kwa dakika chache. Anayetaka kulinganisha nguvu za prosesa mbili atafute matokeo ya kipimo kama Cinebench, atazame alama za kiini kimoja na za viini vyote, kisha achague kulingana na kazi yake.

Mwisho, risiti. Iandikwe namba kamili ya prosesa, kiasi cha RAM, aina ya diski na muda wa garantii. Risiti iliyoandikwa "kompyuta moja" haimsaidii mtu siku ya mzozo. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa kila mtumiaji haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa na habari anazozihitaji ili afaidike nazo, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka wa 2012 inakataza maelezo ya uongo kuhusu bidhaa. Aliyeuziwa kizazi cha 3 akaambiwa ni cha 8 ana pa kulalamika, ikiwemo Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, lakini atahitaji karatasi mkononi.

Wakazi wapendwa, muuzaji mwaminifu hataudhika na maswali haya. Atafurahi kuhudumia mteja anayejua anachotaka. Vikundi vinavyopanga kununua mashine kadhaa kwa pamoja vinashauriwa kupitisha orodha yao kwa maafisa wa teknohama wa kaunti kabla ya kulipa chochote, ikiwa na namba kamili za prosesa. Kuuliza ni bure. Kubadilisha kompyuta kumi zilizokwisha kununuliwa si bure.

 Maswali sasa yanakaribishwa.